Jina kwenye daftari: deni la taifa kwa askari wake wa zamani

Wazee wetu, ndugu zangu. Wengi mmepita kwenye Sanamu ya Askari, ya Dar es Salaam au ya Nairobi. Maandishi yake yanawataja hata wapagazi, miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Tafuteni majina yenyewe pale. Hayapo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi, hao waliotuachia neno Kariakoo, waliuawa na kuhara na malaria kuliko risasi. Sasa, mtu akiandikwa "Juma" tu, bila jina la baba, kijiji wala jumbe, mshahara wake akifa unapelekwa kwa nani?

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa malimbikizo askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika vita hiyo, waliokuwa hai bado. Wenye vyeti walikuwa wachache. Inasimuliwa kwamba kila mzee alipewa ufagio ushike nafasi ya bunduki, akaamriwa gwaride kwa Kijerumani. Aliyefuata amri alilipwa. Watu huisimulia kwa kicheko. Mimi namfikiria mpagazi: alibeba mzigo, gwaride hakufundishwa.

Kwa hiyo deni la kwanza ni karatasi, kabla ya pensheni na matibabu. Siku ya kuachishwa jeshi, linganisheni cheti cha utumishi, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, herufi kwa herufi. "Athumani" huku na "Othman" kule vinatosha kumzungusha mjane ofisi kwa ofisi. Namba ya jeshi aijue mke, si rafiki wa kambini. Wake wakiwa wawili, waandikwe wote wawili. Aliyefichwa hujitokeza msibani, na malipo husimama mpaka mahakama iamue.

Majina yakitofautiana, mzee aape mwenyewe hati ya kiapo angali hai. Akishafariki watakaoapa ni warithi, na hapo kila mmoja ana kiapo chake.