Wanne kwa Wanne

Walimu wenzangu, shikamooni mlionitangulia. Leo nazungumzia kufundisha mpira kwa timu ndogo, wanne kwa wanne. Naanza na foleni.

Juzi nilisimama pembeni ya kiwanja kimoja hapa Mwanza. Watoto 20, mpira mmoja, kila mtu anangoja zamu ya kupiga shuti. Nikamfuatilia aliyekuwa mwisho. Dakika 10 zilipita akaugusa mpira mara mbili. Iliniuma, maana mtoto huyohuyo akirudi kwao Mabatini kucheza chandimu, mpira wa mtaani, mara mbili hizo anazipata kabla jasho halijamtoka.

Tupige hesabu. Uwanja wa mita 105 kwa 68, kwa wachezaji 22, kila mmoja ana mita za mraba zaidi ya 320. Kiwanja cha mita 30 kwa 20, wanne kwa wanne, kila mmoja ana 75. Hapo hakuna pa kujificha. Ukipokonywa mpira, aliyekupokonya yuko hatua tatu tu mbele yako, na ni lazima uamue papo hapo: unamkaba au unarudi kulinda? Ndiyo maana sikubali kushambulia kufundishwe Jumanne na kukaba Alhamisi. Mtoto anakutana navyo vyote kwa mkupuo.

Wanne kwa sababu mwenye mpira anapata mwenzake kushoto, kulia na mbele. Kwa wadogo kabisa, watatu wanatosha.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote una magoli madogo manne, mawili kila upande, karibu na kona. Kipa hakuna. Koni huna? Weka mawe, Mwanza hatujawahi kukosa mawe. Kila timu inashambulia magoli mawili na kulinda mawili. Wapinzani wakirundikana kushoto, goli la kulia liko wazi, na mtoto anajifunza kuinua kichwa na kugeuza mchezo bila kuambiwa. Wanaokaba nao wana kazi: wa karibu anamsogelea mwenye mpira na kumzibia njia moja, wa pili anamfunika mwenzake kwa nyuma, wa tatu analiangalia goli la mbali. Wakimkimbilia wote, wanafungwa.

Waacheni wafungwe! Hapa ndipo tunapowaharibu watoto, kwa kupiga kelele "toa!", "kaba!", mpaka wanacheza kwa masikio. Simamisha mchezo mara moja tu, uliza: "Goli lipi lilikuwa wazi?" Nyamaza usubiri jibu. Kisha warudi palepale walipokuwa, waanze tena.

Ukiona washambuliaji wanakwama, panua kiwanja. Mabeki wakizidiwa, kibane. Dakika 4 zinatosha, kisha wapumzike, maana mbio zake si mchezo. Mipira ya akiba iwe pembeni.

Sasa tutoke nje jua halijawa kali. Nahitaji walimu wanane, vizibao vinne, na mawe manane.