Muuguzi Anapoacha Kuamini Maumivu

Hamjambo, wenzangu. Naona wauguzi wa Kisumu, matabibu waliotoka Siaya na Busia, na mama zetu wahudumu wa afya ya jamii. Watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mnawajua kwa majina, hata shule wanazosoma, kwa hiyo sitawaeleza ugonjwa wenyewe. Huku kando ya ziwa umeenea kwa sababu ya malaria: aliyerithi jeni moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili, ya baba na ya mama, ndiye tunayempokea wodini usiku akilia.

Nataka tuuzungumzie usiku huo.

Maumivu ya selimundu hayana kipimo. Malaria utaiona kwa darubini, mfupa uliovunjika utauona kwa eksirei. Lakini chembe za damu zilizopinda zikiziba mishipa midogo, kiasi cha maumivu utaambiwa na mgonjwa mwenyewe tu. Kwa hiyo kabla ya sindano na dripu, kazi ya kwanza ya muuguzi ni kumwamini. Uchovu ukikithiri, imani hiyo ndiyo hutangulia kwenda. Mtaisikia wakati wa kupokezana zamu: "Yule wa dirishani ameizoea dawa." "Yule anajifanya." Na anayesema hivyo ndiye aliyekuwa akimkanda miguu mgonjwa huyohuyo. Hajawa mtu mbaya. Ameishiwa.

Ameishiwaje? Mara nyingi ni pale mtoto anapolia na kabati la mofini, dawa ya maumivu makali, ni tupu. Kumwamini mtu usiyeweza kumsaidia kunauma mno, na moyo hujikinga kwa kukataa kuamini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua uchovu huu kuwa ni jambo la kazini, wala halikuuita ugonjwa. Lilisema unatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, likataja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kazi yako haina tija. Basi kama chanzo ni kazi, tusimtume muuguzi nyumbani na ushauri wa kulala mapema na kusali. Asali, naam, lakini ratiba ya zamu ibadilishwe.

Kuna msiba pia. Mwenye selimundu, au yule anayesafishwa damu kila wiki kwa sababu figo zimeshindwa, unakuwa naye miaka. Akifariki alfajiri, asubuhi kitanda kina mtu mwingine. Huku kwetu mtu akifa watu hukaa matanga, hulia, hula pamoja. Muuguzi hutakiwa kuendelea na dawa za saa mbili, kwani marehemu si ndugu yake. Hili linaniuma kuliko mshahara, na mshahara niliugomea: mwaka 2017 sisi wauguzi tulikaa nje takriban miezi mitano, na tulikuwa na haki.

Wasimamizi mlio hapa, mgonjwa wa muda mrefu akifariki, waliomhudumia wapeni nusu saa ndani ya zamu, waketi pamoja wamtaje kwa jina. Na muuguzi asisahauliwe wodi moja miaka nenda rudi. Aende kliniki ya chanjo miezi michache, kisha aulizwe kama anataka kurudi. Ratiba ya mwezi ujao bado haijafungwa, kwa hiyo tuanzie hapo. Sista uliyeinua mkono kule nyuma, karibu.