Bibi alikuwa binti wa nani? Kutafuta jina la kwao kwenye rejista za parokia za Uingereza

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi. Naona kule nyuma watu wamesimama, sogeeni jamani, viti vipo huku mbele. Mimi niingie moja kwa moja.

Mwaka 1616 Shakespeare, yule yule tuliyemsoma shuleni, aliandika wosia wake. Kamtaja dada yake, kawataja mabinti zake wawili, kawataja mpaka jamaa zake wa kazini akawaachia hela wanunue pete za kumkumbukia, sasa mke wake aliyezaa naye watoto watatu anakuja mara moja tu, kwenye mstari uliochomekwa katikati ya mistari mingine, anaachiwa kitanda cha pili kwa ubora, na anaitwa "mke wangu". Basi. Jina hakuna. Miaka saba baadae mama wa watu anafariki, rejista ya mazishi ya kanisa la Holy Trinity pale Stratford, Agosti 1623, inaandika Mrs Shakspeare, na hapo napo jina lake mwenyewe hulioni wala la kwao.

Kama mke wa mtu maarufu namna ile ndo hivyo, je bibi wa bibi yake mkeo aliyeolewa na mkulima wa Norfolk? Maana wengi humu ndani watoto wetu upande mmoja ni wa pwani au wa bara na upande wa pili wana bibi Mwingereza, na mtoto anauliza, mama yake bibi alikuwa ukoo gani, na hakuna wa kumjibu. Kwetu mwanamke anaolewa, anaachika, anaolewa tena, na bado ni binti fulani mpaka kaburini. Kule akishavuka mlango wa kanisa jina la baba yake linaachwa nje na kuanzia hapo makarani wanamwandika kwa jina la mume. Ni nusu ya ukoo inayopotea hivyo, kila kizazi, na mimi siwezi kukubali iachwe tu ipotee wakati karatasi zipo.

Tuanze na sehemu rahisi. Kuanzia tarehe 1 Julai 1837 serikali ya Uingereza na Wales ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo yenyewe, na cheti cha kuzaliwa kina sehemu ya jina la mama pamoja na jina la kwao kabla ya kuolewa. Faharasa za zamani zilikuwa hazionyeshi jina hilo mpaka mwaka 1911, kwa hiyo ilibidi ununue cheti kwa kubahatisha, lakini tangu 2016 ofisi ya usajili imeweka faharasa mpya mtandaoni ambayo jina la kwao mama lipo tangu mwanzo kabisa, 1837. Kwa hiyo mtu akikwambia amekwama miaka ya 1850, mwambie hajakwama bado huyo, akaangalie.

Kabla ya 1837 ndo unaingia kwenye vitabu vya parokia, na hapo kazi inaanza. Vitabu hivi vilianza 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila padri aandike kila wiki nani kabatizwa, nani kaoa, nani kazikwa. Mwanzoni wengi waliandika kwenye karatasi za kawaida tu, zikaoza, ndo mwaka 1598 ikaja amri kwamba vinakiliwe kwenye ngozi, na hasa vile vya kuanzia 1558 Malkia Elizabeth alipoingia, kwa hiyo parokia nyingi zikanakili kuanzia 1558 tu na ya nyuma yakapotelea huko. Shikeni huo mwaka 1558, tutaurudia.

Shida ya ubatizo ni hii, padri anaandika "John mtoto wa William na Mary", na vitabu vya zamani zaidi hata Mary hayupo, ni William peke yake kana kwamba kazaa mwenyewe. Mwaka 1813 zikaja fomu za kuchapwa zenye sehemu ya makazi na kazi ya baba, nzuri sana, lakini jina la kwao mama bado hawakuweka sehemu yake. Kuna sehemu chache zenye neema. Yorkshire kulikuwa na padri anaitwa William Dade, miaka ya 1770 akaanza kuandika rejista kwa kirefu, mama ni nani, baba yake mama ni nani, mpaka babu na bibi wa pande zote, na Askofu Mkuu wa York akaupenda utaratibu huo akauhimiza kwa wengine. Kule Durham na Northumberland askofu Barrington naye kuanzia 1798 mpaka 1812 rejista zake zina jina la kwao mama. Ukikuta bibi yako kazaa watoto wake maeneo hayo kwenye miaka hiyo, umeokoka, kazi ya miezi unaimaliza kwa jioni moja. Padri Dade huyo namheshimu sana, hakuna aliyemlazimisha.

Mahali pengine kote unategemea ndoa. Unajua William na Mary wanabatiza mtoto wa kwanza 1790, unarudi nyuma unatafuta William aliyeoa Mary. Mnasema rahisi? William wapo wengi na Mary wapo wengi zaidi, kwenye kaunti moja unaweza kukuta ndoa kibao zinazofanana ndani ya miaka mitano. Na kawaida harusi ilifungwa parokia ya bibi harusi, wala sio ya bwana, kwa hiyo kama hukumuona kijijini kwa mume usikate tamaa, chukua ramani, angalia parokia zinazopakana, watu walikuwa wanatembea kwa miguu kwenda kuposa, hawakutoka mbali sana.

Ukipata ndoa usishangilie kwanza. Angalia hali ya bibi harusi, kama wameandika hajaolewa au ni mjane, kwa sababu akiwa mjane jina unaloliona hapo ni la mume wa kwanza aliyekufa, jina la kwao liko ndoa moja nyuma zaidi. Nimeona watu wamejenga ukoo mzima, wameuprint, wameufremu ukutani, kumbe ukoo wa marehemu mume wa kwanza ambaye hawana hata tone la damu yake. Alafu angalia na mazishi. William na Mary wanabatiza watoto 1790 hadi 1810, unadhani Mary ni mmoja, kumbe Mary wa kwanza alizikwa 1799 na mwaka uliofuata jamaa kaoa Mary mwingine. Mtoto wako yupi? Bila rejista ya mazishi huwezi kujua.

Kuanzia Machi 1754, kwa sheria ya Lord Hardwicke, ndoa inaandikwa kwenye kitabu chake chenye fomu, wanandoa wanaweka sahihi au alama ya msalaba, na mashahidi wanaweka zao. Hao mashahidi ndo dhahabu. Watu wanaandika jina la bibi harusi wanafunga kitabu, mashahidi hata hawawasomi, na shahidi mara nyingi ni kaka yake, dada yake, shemeji. Majina ya wazazi usiyatafute hapo, baba alianza kuandikwa kwenye ndoa 1837, na mama, sikilizeni jamani, mama wa wanandoa kaanza kuwemo kwenye rejista ya ndoa ya Uingereza na Wales mwezi Mei 2021. Juzi hapa!

Sasa nirudi kwa mke wa Shakespeare, maana kwake yeye inaonekana vizuri kazi yenyewe inavyofanyika. Ubatizo wake haupo, kwa nini? Kwenye kaburi wameandika alikufa na miaka 67, toa 67 kwenye 1623 unapata kama 1556, na rejista ya Stratford inaanzia 1558. Kapishana nayo kwa miaka miwili. Ubatizo wa watoto wake upo, Susanna Mei 1583, mapacha Hamnet na Judith Februari 1585, kote ni watoto wa William Shakspere, mama kimya. Ndoa yake kwenye kitabu cha Stratford haimo.

Wakaja kuipata kwa askofu. Mtu aliyetaka kuoa haraka bila kutangazwa kanisani Jumapili tatu alikwenda kuomba leseni, na hawa walikuwa na haraka, Novemba 1582 mimba ilishakuwepo na majira ya kabla ya Krismasi ambayo kanisa halikufungisha ndoa yalikuwa yanakaribia. Kwenye kitabu cha askofu wa Worcester tarehe 27 Novemba imeandikwa leseni ya Wm Shaxpere na Anne Whateley wa Temple Grafton. Whateley! Kesho yake tarehe 28 kuna hati ya dhamana, yani wadhamini wanaahidi kulipa pauni 40 ikigundulika ndoa ina kizuizi, wakati mwalimu wa shule ya Stratford alikuwa analipwa pauni 20 kwa mwaka, na hapo ni William Shagspere na Anne Hathwey wa Stratford, msichana asiyewahi kuolewa. Siku mbili, majina mawili. Watu wakatunga hadithi ya mwanamke wa pili aliyeachwa, mapenzi na machozi, lakini siku ile ile karani alikuwa na kesi nyingine mezani ya padri mmoja anaitwa Whateley, na wataalamu wengi wanaona karani alichanganya tu jina. Mimi nakubaliana nao, na sababu yangu ni wadhamini.

Waliodhamini ile hati ni wakulima wawili, Fulk Sandells na John Richardson. Ukiwafuata hao wawili wanakupeleka kwenye wosia wa mkulima wa Shottery, kijiji jirani na Stratford, anaitwa Richard Hathaway, Septemba 1581, Sandells ni msimamizi wa wosia na Richardson ni shahidi. Yani marafiki wa marehemu baba ndo wamekuja kusimama na binti yatima. Wosia unamwachia binti pauni 6 shilingi 13 na peni 4 alipwe siku ya ndoa yake, ila binti mwenyewe humo anaitwa Agnes, na zama hizo Agnes na Anne ilikuwa ni jina moja kwa masikio ya watu. Wosia huohuo unasema Hathaway anadaiwa na mchunga kondoo wake, Thomas Whittington. Songa mbele mpaka 1601, huyo mchunga kondoo naye anaandika wosia wake, anaacha shilingi 40 kwa masikini wa Stratford, hela ambazo anasema ziko mikononi mwa Anne Shaxspere mke wa Wyllyam Shaxspere. Mchunga kondoo wa baba ndo anatufungia duara! Mimi kila nikifika hapa nasisimka, maana padri hakuandika, mume hakuandika, kaandika mchunga kondoo.

Kwa hiyo ukimtafuta bibi, jina lake weka pembeni kidogo, tafuta watu waliokuwa wamemzunguka. Wosia wa mkulima yeyote wa kijijini kwao wa umri wa kuwa baba yake, soma, unatafuta maneno kama "binti yangu Mary mke wa William fulani". Yeye mwenyewe usitegemee aliacha wosia mumewe akiwa hai, kabla ya sheria ya 1882 mwanamke mwenye mume alikuwa hana uhuru huo bila ruhusa ya mume, ila akiwa mjane anao. Wosia za mahakama ya kanisa ya Canterbury mpaka 1858 ziko hifadhi ya taifa pale Kew na zimeskaniwa. Angalia pia majina ya katikati ya watoto, mtoto anaitwa Thomas Hathaway Brown, hiyo Hathaway haikutoka hewani, mara nyingi ni jina la kwao mama au bibi. Na mwanamke aliyezaa kabla ya ndoa, mtoto wake wa kwanza kabatizwa kwa jina la ukoo wa mama, watu wanaona aibu kuangalia huko, wakati ni ushahidi safi kabisa.

Tarehe nizitaje haraka. Kabla ya 1752 mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1720 ya kitabuni ni Februari 1721 yetu, ukiona mtoto kabatizwa Februari na wazazi wameoana Juni ya mwaka huohuo usiwahukumu, Juni ilitangulia. Na mpaka 1733 kuna mapadri walioandika kwa Kilatini, William anakuwa Guilielmus, msiogope, majina ni machache mtayazoea.

Maswali. Dada pale kauliza, rejista ikiwa imeungua au imeliwa na panya? Ile amri ya 1598 ilisema kila mwaka kopi ipelekwe kwa askofu, kwa hiyo kaulize hifadhi ya nyaraka ya kaunti nakala za askofu, na hata kitabu kikiwa kizima linganisha, kuna wakati padri kaandika kitu kwenye kopi na kitabuni hakipo. Ila miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na ya utawala bila mfalme uliofuata, 1642 mpaka 1660, sehemu nyingi kuna mapengo, hapo kila kitu kiliyumba.

Na kaka huyu anasema bibi wa mkewe walikuwa Wakatoliki, je asiangalie vitabu vya Kianglikana? Aangalie, tena huko ndo aanzie. Kutoka 1754 mpaka 1837 ndoa iliyotambuliwa na sheria ilikuwa ya kanisa la Anglikana, waliosamehewa ni Wakwekeri na Wayahudi tu, kwa hiyo Wakatoliki na Wabaptisti nao walikwenda kufunga pale, hata kama walishabarikiwa kwao kimyakimya. Jina la kwao bibi litakuwa limelala kwenye kitabu cha kanisa ambalo yeye hakuwa akisali.