Fulana Moja Isivaliwe: Uchapaji na Kumbukumbu za Mashoga na Wasagaji Weusi wa Johannesburg

Habari za mchana jamani. Naona wachapaji mmekaa mbele, wenzetu wa maktaba wamejibanza kule nyuma karibu na mlango. Leo nataka kuwaunganisha, kwa sababu kazi mnayoifanya ni moja.

Tarehe 13 Oktoba 1990, watu wapatao 800 waliandamana kutoka Braamfontein, Johannesburg, kudai haki za mashoga na wasagaji. Afrika Kusini haikuwa imewahi kuona maandamano ya namna hiyo. Yaliandaliwa na GLOW, chama kilichoundwa 1988 na Simon Nkoli, mzaliwa wa Soweto, pamoja na wenzake. Baadhi ya waandamanaji walijifunika vichwa kwa mifuko ya karatasi, wasije wakatambuliwa na bosi au na mzazi. Hebu niambieni, kati ya vitu vilivyobebwa barabarani siku ile, kipi kilitengenezwa ili kidumu? Bango la maandamano kazi yake huisha jioni. Mtu anarudi nyumbani kachoka, analiegemeza ukutani, wiki ijayo linaenda jalalani.

Serikali ya ubaguzi wa rangi, kwa upande wake, ilitunza karatasi zake vizuri sana. Nkoli alikamatwa 1984, akafunguliwa kesi ya uhaini katika mji wa Delmas, washtakiwa 22, wakiwamo Popo Molefe na Patrick Lekota, viongozi wa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi. Aliachiwa huru 1988. Kesi kubwa kama ile huacha kurasa kwa maelfu, kila moja na mahali pake. Ukimtafuta Nkoli humo utampata mshtakiwa. Yule Nkoli aliyewaambia wenzake gerezani kuwa yeye ni shoga, baadhi yao wakamjia juu, naye hakurudi nyuma, huyo itabidi umtafute kwingine. Utampata katika barua alizomwandikia mpenzi wake kutoka gerezani. Na barua hizo zipo leo kwa sababu mpokeaji hakuzitupa, na kwa sababu 1997 ilianzishwa GALA, makavazi ya mashoga na wasagaji, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Chuo chenyewe kiko Braamfontein, kulekule maandamano yalikoanzia.

Lekota alikuja kueleza baadaye kwamba kuishi na Nkoli kwenye kesi ile kulichangia kuwafanya waone kuwa katiba mpya haiwezi kuwaacha watu kama yeye. Katiba ya 1996 ikapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi. Wanasheria wataitunza hiyo hukumu kwa hukumu, sina wasiwasi nao.

Wasiwasi wangu ni fulana.

Wachapaji mnajua tunavyofanya. Unapaka dawa kwenye skrini, kile kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu, unaichoma kwa mwanga, unaiosha, picha inabaki wazi kwenye nyuzi. Unaweka fulana chini, unamwaga wino, unauvuta kwa mpira, unainua. Nyingine. Nyingine. Kazi ikiisha unafanya nini? Unaosha skrini! Fremu ni ghali, kesho kuna oda ya shule. Kwa hiyo kile kilichozaa fulana zote kinafutwa na mikono iliyokitengeneza, usiku uleule. Hakuna kitu cha kurudia. Fulana zenyewe zinavaliwa, zinafuliwa, kola zinalegea, mwisho zinapigiwa deki. Mimi hili naliona ni shimo kubwa katika historia yetu kuliko karatasi zozote zilizochomwa na polisi.

Nkoli alifariki kwa UKIMWI tarehe 30 Novemba 1998. Siku kumi baadaye, mwanaharakati Zackie Achmat na wenzake walianzisha TAC, kampeni ya kudai dawa za UKIMWI, na fulana yao ikajulikana dunia nzima: maandishi makubwa kifuani kwamba aliyeivaa ana virusi, avae mwenye navyo na asiye navyo. Mandela aliivaa 2002 huko Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town. Ile ya Mandela haitapotea. Nauliza zile za watu wa kawaida waliozivaa kwenye daladala asubuhi, huku abiria wakihama viti.

Mtaniambia, hata ukiipata, utajuaje ni ya lini? Kweli. Kanga ya Mombasa ina pindo lililoandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla, basi unajua pa kuanzia. Fulana na bango la harakati mara nyingi havina jina, na sababu ni hofu. Wachoraji wa Medu, waliochapa mabango dhidi ya ubaguzi wakiwa uhamishoni Gaborone, Botswana, walivamiwa na jeshi la Afrika Kusini tarehe 14 Juni 1985. Msanii Thami Mnyele aliuawa usiku huo. Nani angetia sahihi?

Basi tufanye hivi. Kila kazi mnayochapa, fulana moja isivaliwe. Usiikunje juu ya picha, maana wino wa plastiki hunata kwa joto na kubanduka; weka karatasi safi katikati. Funga kilebo cha kitambaa, andika kwa penseli: tarehe, mahali, ilichapwa kwa shughuli gani. Bango la karatasi rahisi liweke mbali na jua, litageuka njano upesi.

Majina ni suala jingine, na hapa watu wa maktaba nawaomba msiwe wabishi. Aliyevaa mfuko kichwani alitaka kuhesabiwa, hakutaka kuonekana. Mwenye kitu akisema jina lake lifungiwe miaka thelathini, lifungiwe. Bahasha mbili: moja ya kitu chenyewe, ya wazi, nyingine ya jina, imefungwa, haikai sanduku moja na ya kwanza. Na mkataba uandikwe kwa Kiswahili anachokielewa yeye.

Sasa maswali. Halafu kuna dada hapo pembeni ameniambia ana fulana ya zamani nyumbani na anataka kuileta wiki ijayo. Ilete ilivyo, dada. Usiifue.