Anayeketi Mezani na Mwenye Nyumba Si Mnunuzi

MTANGAZAJI WA KWANZA: Karibuni. Leo tunazungumzia biashara iliyoenea sana Marekani, ambapo mtu hutia saini mkataba wa kununua nyumba kwa bei ya chini, kisha, kabla mauzo hayajakamilika, humhamishia mwekezaji mkataba huo na kuchukua tofauti ya bei. Sisi tutaiita uchuuzi wa mikataba. Kaka, hesabu yake ikoje?

MTANGAZAJI WA PILI: Wengi hufuata kanuni ya asilimia 70. Tuseme nyumba itauzika kwa dola 200,000 ikishakarabatiwa, na ukarabati utagharimu dola 40,000. Asilimia 70 ni dola 140,000. Ukiondoa ukarabati, mwekezaji hatatoa zaidi ya 100,000. Mchuuzi akitaka 15,000 zake, mwenye nyumba ataahidiwa 85,000. Hesabu yenyewe haina ubaya, dada, kwa sababu nyumba yenye paa linalovuja na malimbikizo ya kodi huwakimbiza wanunuzi wa kawaida, na benki nyingi husita kuikopeshea. Ubaya huanzia mezani.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Basi tukae hapo mezani. Mjane aliyepokea kadi ya "tunanunua nyumba kwa fedha taslimu" anaamini kwamba kijana aliye mbele yake ndiye mnunuzi. Kwenye mkataba, jina la kijana linafuatiwa na maneno machache tu, "na/au atakayehamishiwa", na mbele kidogo kuna kipengele cha ukaguzi kinachomruhusu kujitoa bila hasara, huku amana aliyoweka pengine ikiwa dola 10. Mama anafungasha vyombo na kuwaaga majirani; mwekezaji asipopatikana, anaambiwa kwamba ukaguzi umegundua kasoro. Huo ni uongo, hata kama mkataba umeuachia nafasi.

MTANGAZAJI WA PILI: Nakubali. Lakini je, ni lazima ataje faida yake? Mwenye duka hamwambii mteja bei aliyonunulia sukari.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Mwenye duka ameshailipia sukari yake, kaka, na ikiharibika hasara ni yake. Huyu anauza haki aliyopewa na mama, na mama ndiye anayebaki na hatari yote. Ninachomtaka ni aseme kabla ya saini, kwa lugha inayoeleweka, kwamba yeye si mnunuzi wa mwisho, kwamba atautafutia mkataba mwekezaji, na kwamba atalipwa kwa kazi hiyo. Na akiulizwa ni kiasi gani, ajibu ukweli. Ikiwa anahofu kwamba mama akiyasikia hayo atakataa, basi anajua fika kwamba saini anayoitafuta haina ridhaa ndani yake.

MTANGAZAJI WA PILI: Sheria nazo zinaelekea huko. Tangu 2019, jimbo la Illinois linamtaka anayefanya biashara hii zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12 awe na leseni ya udalali, na Oklahoma ilitunga sheria yake mwaka 2021. Pennsylvania imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2024, iliyoanza kutumika Januari 2025, inampa mwenye nyumba siku 30 za kuvunja mkataba bila adhabu, mradi umiliki haujahamishwa.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Kuna jambo jingine linaloniuma: baadhi ya wachuuzi husajili taarifa ya mkataba katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, na hata baada ya wao kushindwa kupata mwekezaji, mama akitaka kumuuzia mtu mwingine, mauzo yanakwama. Anayejitoa aiondoe taarifa hiyo siku ileile.

MTANGAZAJI WA PILI: Na kama nyumba ni nzima, na mwenyewe anaweza kusubiri miezi michache?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Mchuuzi amwambie mwenye nyumba waziwazi aiuze sokoni kupitia dalali mwenye leseni, kwani huko atapata zaidi. Na kama benki inatishia kuinadi nyumba, kabla ya kutaja bei yoyote amwelekeze kwa mshauri wa makazi aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya makazi ya Marekani, ambaye hamtozi mtu chochote kwa ushauri wa kuinusuru nyumba yake.