Buttenhausen, ng'ambo ya mto

Ndugu zangu, kijiji ninachotaka tukizungumzie leo kiko kwenye bonde la mto Lauter, kusini mwa Ujerumani. Kinaitwa Buttenhausen. Ni kidogo: mwaka 1870 kilikuwa na watu 834, na kati yao 442 walikuwa Wayahudi. Zaidi ya nusu.

Walifikaje pale? Mwaka 1787 bwana wa kijiji, Philipp Friedrich von Liebenstein, aliwapa hati ya ulinzi. Tusidhani ilikuwa huruma tupu. Alihitaji kodi na biashara. Familia 25 zikaruhusiwa kukaa. Zikajenga ng'ambo ya mto, sinagogi likasimama 1795, na makaburi yakawekwa mteremkoni. Wengi wao waliuza ng'ombe, na mkulima Mkristo aliyetaka mnyama wa kulimia alivuka daraja kwenda kwao. Lehmann Bernheimer, mzaliwa wa hapo aliyetajirika Munich kwa biashara ya vitu vya kale, alikijengea kijiji shule, watoto wa dini zote wasome pamoja. Matthias Erzberger naye alizaliwa hapo mwaka 1875, Mkatoliki kati ya Waprotestanti na Wayahudi. Ndiye aliyetia saini ya kusitisha Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1918, na wazalendo wenye chuki wakamuua mwaka 1921.

Sasa nifike Novemba 1938, na naomba tutulie hapa. Wanazi walilichoma sinagogi. Zimamoto wa kijiji, yaani majirani wenyewe, wakauzima moto! Wanazi wakarudi, wakaliwasha tena, na safari hii wakazuia lisizimwe. Mimi moto ule wa kwanza siwezi kuuacha. Unaonyesha kwamba wapo waliojua lililo sawa wakalitenda, na bado halikutosha.

Wengi walikuwa wamehama zamani, kwenda mijini na Marekani. Waliobaki, pamoja na wazee waliohamishiwa hapo kwa nguvu kutoka Stuttgart, walichukuliwa: Desemba 1941 kwenda Riga, mji wa Latvia, Agosti 1942 kwenda Theresienstadt, kambi ya Wanazi. Theodor Rothschild, mwalimu mzaliwa wa kijiji aliyelea mayatima huko Esslingen, alifia Theresienstadt mwaka 1944.

Miaka ya baadaye mwanakijiji mmoja, Walter Ott, asiye Myahudi, alianza kupanda mteremko ule wa makaburi. Akayainua mawe ya makaburi yaliyoanguka, akayasoma majina, moja baada ya jingine, akawatafuta wajukuu zao.