Asidi ya tumbo na safari ya kidonge

Tuanze na aspirini, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Ni asidi dhaifu, pKa yake 3.5, yaani katika pH 3.5 (pH ni kipimo cha uasidi: ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) nusu ya molekuli zina chaji, nusu hazina. Kila pH ikisogea kwa 1, uwiano huo hubadilika mara 10. Sasa pigeni hesabu. Tumboni, tuseme pH 1.5, kwa kila molekuli 1 yenye chaji zipo 100 zisizo nayo. Kwenye utumbo mwembamba, pH 6.5, mambo yanageuka: 1,000 zina chaji, 1 haina. Na utando wa seli ni wa mafuta, chenye chaji hupita kwa taabu.

Hapo wengi hukata shauri kwamba aspirini hufyonzwa tumboni. Sivyo. Nyingi hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa kuwa kuta zake zimejaa mikunjo na vijidole vidogo, eneo la kupitia ni kubwa mno. Ile molekuli 1 ikishapita, damu inaichukua, nyingine inapoteza chaji na kushika nafasi yake mara moja. Isitoshe, kidonge chenyewe huyeyuka polepole kwenye asidi. Hali inayoirahisishia dawa kupita ndiyo hiyohiyo inayoizuia kuyeyuka, na kwa maoni yangu hesabu ile ya uwiano haina faida kwa anayesahau hilo.

Dawa iliyo besi dhaifu ni kinyume chake. Itrakonazoli, dawa ya fangasi, ni mojawapo: kapsuli zake zinahitaji asidi ili ziyeyuke. Mgonjwa anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ana asidi kidogo, hivyo dawa nyingi hubaki unga na kutoka na choo. Ndiyo sababu huelekezwa anywe kapsuli pamoja na kinywaji chenye asidi, kama kola isiyo ya daieti. Itrakonazoli ya maji haina sharti hilo, imekwishayeyushwa. Omeprazoli nayo huharibiwa na asidi, ndiyo maana chembe zake zimefunikwa. Ukizisaga, umeitupa dawa.

Maabara hukagua kifuniko cha namna hiyo kwa kuiweka dawa saa 2 kwenye asidi ya hidrokloriki 0.1 M (M ni moli kwa lita), kisha kwenye bafa, yaani mchanganyiko unaozuia pH isibadilike ovyo, ya pH 6.8. Bafa hiyo: mililita 50 za potasiamu dihidrojeni fosfeti 0.2 M, mililita 22.4 za hidroksaidi ya sodiamu 0.2 M, kisha maji hadi mililita 200. Kwa nini si maji matupu? Dawa yenye asidi ikianza kuyeyuka hushusha pH ya maji yanayoigusa, ikajizuia yenyewe. Bafa humeza protoni, yaani chembe za asidi, zinazotoka kwenye dawa. Lakini msiamini vipimo hivyo vya mililita pekee: hidroksaidi iliyokaa wazi hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani, nguvu yake hupungua, na bafa hutoka chini ya 6.8. Sahihisheni kwanza pH mita, halafu pimeni bafa kabla kidonge cha kwanza hakijaingia.